Kikalio cha Romana

Mguu wa nyuma wa kiti ulivunjika Jumapili moja ya mwaka 1983, mzee Pantaleo akiwa amekikalia. Hakuumia, ila tangu siku hiyo akawa mtu wa kitandani. Nyonga yake ilikuwa mbovu: akikaa kwenye kigoda hawezi kuinuka, na benchi halikuwa na pa kuegemea. Kiti kile cha mahogani, chenye mikono na mgongo wa kitambaa, aliachiwa na mchungaji Mmarekani ambaye yeye alikuwa mpishi wake miaka kumi na tisa.

Binti yake Romana, mshonaji wa nguo mtaa wa Bagara, Babati, alikipakia kwenye mkokoteni akakipeleka kwa seremala Aniceti, jirani na soko.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Cornel." Aniceti alikipindua kiti, akaguna. "Mguu nitauchonga. Lakini huku ndani kumeoza. Kitambaa hakuna, misumari hakuna, sponji ndiyo usiseme. Halafu kazi ya kikalio ina wenyewe, wanaume wa Arusha mjini."

"Wewe chonga mguu. Kikalio niachie mimi."

Aniceti alicheka. Romana hakucheka. Aliazima bisibisi, akaanza kung'oa misumari midogo mmoja mmoja, akiitia kwenye kopo. Kitambaa kilipotoka, likamwagika vumbi na kinyesi cha panya. Chini yake kulikuwa na nywele za farasi, ngumu, nyeusi, zilizojikunja, nusu zimeliwa na panya, na chini ya nywele, springi tisa zilizofungwa kwa kamba. Springi zilikuwa nzima. Kwenye ubao wa ndani, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: E. Whitcomb. Ida Krause. 1868.

Jioni alimsomea baba yake majina hayo.

"Ida ni jina la kike," mzee alisema kutoka kitandani. "Mke wa mchungaji alikuwa na dada yake, naye akiitwa Ida. Barua zake nilikuwa nazichukua posta mwenyewe."

Kesho yake Romana alimwambia Aniceti kuwa mmoja wa waliokijaza kikalio kile alikuwa mwanamke. Fundi aliinama, akayasoma majina kwenye ule ubao, halafu akarudi kwenye randa yake. Habari ya wanaume wa Arusha hakuitaja tena.

Nywele za farasi Babati hazipo. Romana alikwenda machinjioni, akaomba mikia ya ng'ombe. Alizikata nywele za mikia hiyo, akaziosha kwa majivu, maana sabuni aliyoipata kwa kupanga foleni siku mbili ilikuwa ya kufulia nguo za watoto. Zilipokauka zilinyooka kama nyasi, na ukizikalia zinalala. Hapo akakumbuka nywele za wasichana: ukizisuka zikiwa mbichi, siku ya kufumua zinakuwa na mawimbi. Akazisokota kamba, akazichemsha, akazianika siku nne. Alipozifumua zilijikunja, zikawa zinadunda mkononi.

Mikanda ya kubeba springi kwa chini aliisuka kwa katani. Kwa kitambaa, alimshonea dereva wa lori, Msafiri, suruali mbili, naye akamkatia kipande cha turubai la kijani. Misumari ya zamani aliinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe.

Baada ya mwezi kiti kilirudi nyumbani. Romana na Aniceti walimshika mzee huku na huku, wakamkalisha. Alitulia, akajisogeza kidogo.

"Kushoto kunazama," alisema.

"Baba, si kitazoea?"

"Kiti hakizoei, mwanangu. Ninayezoea ni mimi, na nyonga yangu haitaki kuzoea."

Machozi yalimlenga Romana. Alikaa nje kwa muda, mikono mapajani, vidole vimechubuka. Kisha akarudi ndani na bisibisi, akang'oa misumari yote upya. Springi za kushoto alikuwa amezifunga kwa kulegea. Akazifunga tena, akaongeza nywele. Mzee akakaa, akasema sasa mbele ni pagumu, panambana mapaja. Romana akafungua mara ya tatu. Aniceti, aliyekuja kutazama tu, alijikuta amepiga magoti anabana kamba huku Romana akipiga fundo.

"Vuta, fundi. Usiniachie."

"Siachii, Mama Cornel."

Mara hii mzee Pantaleo aliegemeza mgongo, akanyoosha miguu. Alikaa mpaka chai ikapoa. Halafu akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama peke yake. Akachukua fimbo, akatoka nje kwenda kuangalia migomba yake, ambayo hakuwa ameiona tangu ile Jumapili.