Changu Wekundu wa Hafidh

Mume wangu Hafidh hana ila nyingi. Anakoroma, na anaacha vifuko vya chai kwenye sinki, basi. Kwa hiyo Jumapili ile ujumbe wake wa sauti ulipoingia kwenye kundi la wasap la Waswahili wa mtaa wetu wa Stechford, mimi nilikuwa jikoni nakaanga mandazi bila wasiwasi wowote. Nilijua yuko ghalani kwao anafanya ovataimu, kama kila Jumapili tangu kiangazi kianze.

"Jaffar, ndugu yangu, njoo upesi," ilisema sauti yake, na nyuma yake upepo unavuma. "Niko ufukweni. Leo changu wamejaa! Wekundu, wamenona, wanakuja wenyewe mpaka magotini. Hapa maji mafupi, unawaona wanavyojitikisa. Lakini Aida asijue. Wallahi akijua tu, starehe yetu imekwisha."

Ujumbe ulikuwa wa rafiki yake Jaffar peke yake. Kidole cha mume wangu, ambacho hakijawahi kubonyeza kitu sawasawa, kiliupeleka kwa kundi zima.

Najua utaniuliza: wewe mtu wa Unguja, ukisikia changu hufikirii samaki? Ningekuwa Unguja ningefikiri samaki. Lakini mimi nakaa Birmingham, ambako ukiitafuta bahari utachoka kabla hujaiona, upande wowote utakaoelekea. Na mume aliyeaga anakwenda ghalani hawi ufukweni. Isitoshe, niliwahi kukaa Dar, na kule ukisema changu, nusu ya watu kwenye baraza wanacheka, kwa sababu ndivyo wanavyolifupisha neno changudoa. Nikaweka pamoja wekundu, wamenona na wanavyojitikisa. Nikakumbuka Wazungu wanavyokuwa wakipigwa na jua siku mbili mfululizo. Mandazi yakaungua.

Wa kwanza kuandika alikuwa Kijakazi. Huyu tunatoka mtaa mmoja kule nyumbani, na kwa miaka yote hii hajapata kunipa pole bila kuifurahia. "Pole mwenzangu," aliandika, na chini yake akapanga vikatuni vinavyolia, safu nzima. Wengine wakafuata. Nikampigia Hafidh, simu haipatikani. Nikampigia Jaffar, ambaye nilimwamsha usingizini.

"Jaffar," nikasema. "Changu."

Alishusha pumzi. "Kumbe ameshakwambia, shemeji! Alhamdulillahi. Mimi mambo ya kuficha siyawezi, tumbo linaniuma."

"Ni wangapi?"

"Inategemea siku. Jumapili iliyopita yeye alipata sita, mimi wawili. Mimi sina subira, shemeji. Hafidh ndiye anayejua kuwangoja."

"Sita!"

"Tena wakubwa. Mmoja alimvuta mpaka akaanguka chali majini."

Nilikaa sakafuni. "Jaffar, wewe una mke."

"Mke wangu anawapenda kupita kiasi! Waliobaki wako kwangu, amewapa nafasi yote. Siku ile ulipokuja kula kwetu si ulikuwa nao mezani?"

Nilijaribu kukumbuka nani alikuwepo siku ile. Nikakumbuka mama mmoja mnene aliyekuja kusoma mita ya gesi, nikasikia kizunguzungu. Nilimwomba Jaffar aniambie ni wapi, naye akatoa kila kitu: mji, daraja, mahali pa kuegesha gari, na njia ya miguu inayopita nyuma ya kanisa.

Mimi gari sina. Jirani yangu Kerubo, nesi kutoka Kisii, alikuwa tayari amevaa nguo za kanisani, lakini aliponiona mlangoni na upawa mkononi, unatiririka mafuta, alichukua ufunguo bila neno. Njia tuliyopita sitaitaja. Tulielekea Wales, na hapo ndipo mwisho wa maelezo yangu.

"Aki Aida, mimi sijaelewa hiyo voice note," alisema Kerubo tulipokwisha kuliacha jiji. "Anasema changu, changu. Kwani kitu yake ni gani iko huko?"

"Si yake. Ni changu wa mjini. Wanawake wa kujiuza."

Kerubo alikanyaga breki, gari la nyuma likatupigia honi. "Woi! Hafidh? Si ndiye hutu-remind siku ya kutoa bins?"

"Huyohuyo."

"Haki ya Mungu, wanaume ni watu wa kuombewa," alisema, akaongeza mwendo. Mimi nililia kuanzia hapo mpaka milima ilipoanza. Nililia kwa hasira kwanza, halafu nikalia kwa sababu nilikuwa nampenda yule mkorofi, na kitanda kingekuwa kikubwa mno bila mkoromo wake. Kerubo alinipa tishu, na zilipokwisha alinipa soksi safi kutoka kwenye begi lake la kazini.

Tulipofika, ghuba ilikuwa pana, maji yamelala juu ya mchanga, mtu angeweza kutembea mbali yasimfike kiunoni. Na ufukweni, Mungu wangu, walikuwa wamejaa! Wekundu kweli, wamenona kweli, wamejilaza kwenye mataulo. Nilianza kuwakagua mmoja mmoja. Bibi mmoja, ambaye anaweza kuwa mama wa mama yangu, alinipungia mkono akanikaribisha chipsi. Nilimwangalia kwa jicho baya. Mpaka leo naona haya nikimkumbuka.

"Aida," Kerubo alininong'oneza. "Si yule?"

Mbali na watu wote, pale mto mdogo unapoingia baharini, alisimama Hafidh. Alikuwa amevaa suruali ya mpira iliyomfika kifuani, ametupa mgongo, ameinama. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Njoo, mpenzi wangu. Njoo polepole, usiogope."

Niliingia majini na baibui langu, viatu vyangu na upawa wangu. "Hafidh!" nikapiga kelele. "Mtoe! Mtoe huyo mpenzi wako nimwone!"

Aligeuka, uso umemshuka. Kisha, kwa kuwa ni mtu mtiifu, akavuta mshipi, akamtoa. Alikuwa samaki mwekundu, kichwa kikubwa kama sanduku, mapezi yamefunguka kama mabawa, na chini ya kidevu ana vidole vya kutembelea. Alinitazama, akafungua mdomo, akaguna: "Kroo."

"Anasema nini?" aliuliza Kerubo, amekunja gauni mpaka magotini.

"Huguna hivyo akitolewa majini," alijibu Hafidh, kama mtu anayemtetea mtoto wake mbele ya mwalimu.

"Na huyu ndiye changu?" nikauliza.

"Si changu hasa. Wenyeji wana jina lao. Mimi namwita changu kwa kuwa ni mwekundu, na kwa kuwa nimewakosa wale wa kwetu muda mrefu." Alimrudisha majini taratibu, akajifuta mikono. "Umejuaje niko hapa?"

Nilimpa simu, akasikiliza sauti yake mwenyewe. Nilimwona anavyoelewa, neno baada ya neno, mpaka alipofika kwenye kujitikisa akakaa palepale majini. Mimi nikaanza kucheka, Kerubo akacheka mpaka akalia, nami nikamrudishia soksi yake.

Lakini jambo moja lilikuwa bado linaniuma, na nililisema. "Kwa nini unifiche mimi? Samaki tu!"

Hafidh alijikuna shingo. "Unakumbuka yale matunda ya mwituni kando ya mfereji? Nilikuonyesha wewe peke yako. Ukaliambia kundi. Wiki iliyofuata walikuja na ndoo, Kijakazi akaja na ngazi. Haukubaki hata mwiba."

Ni kweli, mimi neno likiniingia sikioni huwa linatafuta njia ya kutokea mdomoni, na mara nyingi linaipata kabla sijajua. Niliona haya. Hafidh akanishika mkono akanionyesha.

"Mahali kama hapa hupati kwa kubahatisha. Unakuja kwanza bahari ikiwa imekupwa, kila kitu kiko wazi. Unatembea, unatafuta mfereji uliokatwa na maji katikati ya mafungu ya mchanga. Unatafuta majani ya bahari, kwa sababu kamba na kaa wadogo wanajificha humo. Unaweka alama kichwani. Bahari ikianza kujaa unarudi, unasimama pembeni ya mfereji. Wao hupita humohumo wakija kula. Ukiona maji yamechafuka kidogo kama mtu amekoroga uji, wapo. Nimetafuta kiangazi kizima, Aida, kabla sijapaona."

Mimi samaki namjua kuanzia kwenye kikaango. Sijawahi kumsikia mume wangu akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na macho yake yakiwaka. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimshtua yeye zaidi ya upawa.

Simu ikalia mkononi mwangu. Mtandao ulikuwa umerudi kidogo, na kundi lilikuwa linachemka. Kijakazi ameandika: "Umemkuta? Sema mwenzangu, tupo na wewe." Chini yake watu wote wa Stechford walikuwa wakingoja.

Picha moja tu ingemtakasa mume wangu. Nilikuwa nimeshainua simu. Kwenye kioo alionekana Hafidh na suruali yake ya mpira, na nyuma yake, wazi kabisa, mto, kanisa na daraja. Kijakazi angelijua daraja lile kabla ya magharibi. Jumapili ijayo wangekuja na majokofu, na ile ngazi. Na nikisema neno samaki tu, wangembana Jaffar, na Jaffar tumbo lingemuuma.

Hafidh aliiona ile simu. Alitazama maji, mabega yameshuka, kama mtu ameshaanza kuaga.

"Mimi usiniangalie," alisema Kerubo. "Kazi yangu ni confidentiality. Hii siri nita-die nayo."

Nikabonyeza kitufe, nikasogeza simu mdomoni. "Assalaam alaykum nyote," nikasema. "Nimefika, nimemkuta nao. Ni kweli kabisa, na ni wengi kuliko alivyosema. Tumekaa, tumezungumza, nimeridhika. Kuanzia leo Jumapili zake ni za huko, na mimi nitakuwa nafuatana naye kumsaidia. Msinipe pole."

Kijakazi alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Hafidh alinitazama, mdomo wazi, machozi yanamlenga. Nikaizima simu, nikampa Kerubo upawa anishikie, nikamwuliza mume wangu nisimame wapi.