Filimbi Iliyowahi

"Filimbi ilitangulia, au mpira ulitangulia?"

Katibu aliuliza kwa mara ya pili. Mzee Saa alikuwa bado ameinamia kofia yake mapajani.

Chumba hicho ndicho kilikuwa ofisi nzima ya shirikisho la taifa la mpira wa mikono: meza moja, kabati la vikombe na dirisha linalotazama uwanja. Mjini watu bado waliuliza kama huo ndio ule mchezo wa kunawa, na Mzee Saa alishachoka kuwajibu. Tangu ujana wake alitunza muda kwenye meza ya waamuzi, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika.

Fainali ilikuwa ukingoni, timu zikiwa sawa, na sare iliwatosha wapinzani. Kocha wa timu ya binti yake alitaka mapumziko. Akaja mbio, uwanja ameupa mgongo, akabandika kadi ya kijani mezani. Kadi ikigusa meza, mtunza muda hupuliza na mchezo husimama. Lakini binti yake, waliyemwita Mashoto, alikuwa amesharuka na mpira umeshamtoka mkononi. Baba akapuliza. Mpira ukajaa wavuni wakati hauna kazi tena. Bao likakataliwa, mechi ikaisha sare, na wapinzani ndio watakaokwenda ng'ambo na jezi ya taifa. Goti la Mashoto lilishaumia, halikuwa la kungoja msimu mwingine.

"Mzee wangu, kelele zilikuwa nyingi," Katibu alisema kwa upole. "Waamuzi wanakutegemea wewe. Ukisema mpira ulitangulia kuingia, bao lipo, wasichana wanasafiri."

"Mcheza kwao hutunzwa," kocha wa Mashoto alidakia kutoka dirishani. "Au wewe hujawahi kuusikia msemo huo?"

"Filimbi ilitangulia," Mzee Saa alisema.

Kocha akatoka na kuubamiza mlango hadi vikombe vikagongana kabatini.

Mzee Saa hakusema uongo, ila hakusema yote. Miaka nenda miaka rudi, kadi ikiwekwa huku mpira uko hewani, Mzee Saa huvuta pumzi kwanza. Huuacha uingie au utoke, ndipo apulize. Ni wema mdogo usiomo kwenye kanuni, na timu zote ziliupata bila kujua. Leo aliiona jezi ya mwanawe ikipaa, akawa kama anasikia jukwaa zima likisema baba anambeba. Hakuvuta pumzi. Aliogopa midomo ya watu, akamwonea mtoto wake wa kumzaa, na sasa moyo ulimuuma kama jino bovu.

Alimkuta Mashoto kwenye ngazi za uwanja, ana kichupa cha mafuta ya kupikia. Alikuwa akitoa ile gundi wanayojipaka wachezaji ili mpira usiwaponyoke.

"Umewaambia nini, baba?"

"Kwamba filimbi ilitangulia."

"Ndivyo ilivyokuwa." Akaendelea kusugua. Kisha, bila kuinua macho: "Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungesubiri?"

Kumbe alijua. Alikulia chini ya meza ile. Angekosaje kuijua pumzi ya baba yake?

"Ningesubiri, mama."

Mashoto alitikisa kichwa polepole. Uwanjani wafanyakazi walikuwa wakifungua nyavu, wakitaniana kwa sauti. Mzee Saa akaketi ngazi ya chini yake, akamimina mafuta kiganjani, akauchukua mkono wa kushoto wa binti yake na kuanza kuusugua, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimnawisha utotoni.

Mashoto hakuuvuta mkono, wala hakumtazama. Gundi ilikuwa bado haijalainika, na vidole vyao vikagandana.