Mkwe Afungua Bwawa

Bernadette Malloy alisimama dirishani jikoni na kikombe chake cha kahawa, akimtazama mkwewe akilizunguka bwawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Garth alikuwa amevaa kaptura ya rangi za bendera ya Marekani na soksi alizozivuta hadi magotini. Mtu mzima, muuza magodoro, na bado anavaa kama mtoto aliyepelekwa kambi ya likizo.

Bwawa lile lilikuwa kazi ya marehemu Walter, mumewe. Kila mwisho wa Mei, kabla ya sikukuu ya kuwakumbuka askari, Walter alilifungua mwenyewe, akilifunua na kulisafisha baada ya baridi, bila kelele. Mwaka huu Walter hayupo, na Colleen, binti yao, ana mimba kubwa na mgongo haumpi usingizi. Daktari kamwambia aelee majini kila jioni. Ndiyo sababu Garth alikuwa huko nje.

Akachungulia mlangoni. "Mama, kuna kamba?"

"Iko gereji."

"Gereji sehemu gani?"

"Ndani."

Garth akacheka peke yake. "Wewe pumzika tu, mama. Nimeangalia video, kazi yenyewe nyepesi."

"Basi ungeiachia hiyo video iifanye."

Turubai lililofunika bwawa lilikuwa limebonyea katikati. Theluji ya majira ya baridi ilikuwa imeyeyukia juu yake, na majani ya msimu mzima yakaozea humo mpaka maji yakawa meusi. Walter alikuwa akianza kwa kuyanyonya na pampu ndogo, ndipo avute turubai. Hiyo pampu ilikuwa palepale ukutani, kando ya mlango. Garth aliipita akienda, akaipita akirudi. Bernadette aliona kila kitu. Alijua vilevile nini kingefuata. Alichofanya ni kujiongezea kahawa.

Garth akaondoa mifuko ya maji iliyokuwa ikikandamiza kingo, akafunga kamba kwenye turubai na ncha yake kiunoni kama mtu anayevuta ng'ombe, akavuta. Turubai halikuja. Liliteleza upande mmoja, likazama na uchafu wake wote, na kamba ikamvuta Garth nyuma yake. Alipoibuka alikuwa na majani yaliyooza hadi masikioni, anahema kwa baridi. Harufu ilifika hadi jikoni. Bernadette alitabasamu. Tangu mazishi hakuwa ametabasamu namna hiyo.

"Unacheka nini?"

Colleen alikuwa nyuma yake, mkono kiunoni, nywele za kutoka kitandani. Akatazama nje, akamwona mumewe akijikokota kutoka majini. Kisha akaiona pampu.

"Mama, umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Hakuniuliza."

"Umemwona anavuta na maji yako juu, ukanyamaza?"

"Yule anajua kila kitu. Kaona kwenye simu."

"Bwawa lilikuwa kwa ajili yangu, mama. Si yake. Mimi ndiye nisiyeweza kulala."

Garth akaingia akitiririka maji kwenye sakafu. "Mwache mama, Colleen. Mimi ndiye niliyekosea."

Bernadette angependelea matusi. Kutetewa na mtu wa aina ile kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana huohuo Colleen alifunga begi, akaenda kwa Rhonda, mama yake Garth. Rhonda, mwanamke anayetafuna bazoka hata kanisani, ana bwawa la plastiki nyuma ya nyumba yake, la kupuliziwa, lenye picha za pomboo. Huko ndiko binti wa Walter Malloy alikokuwa akielea kila jioni.

Garth alikuja kila alipotoka kazini. Alilitoa turubai vipande vipande, akachota majani kwa wavu, akamwaga klorini, akasafisha chujio, akamwaga tena. Bernadette hakumkaribisha chai. Maji yalikuwa ya kijani, kisha meupe kama yaliyotiwa maziwa, na mwishowe asubuhi moja chini kukaonekana.

Alitoka nje na slipa zake. Garth alikuwa amechuchumaa ukingoni.

"Liko tayari," Bernadette alisema. "Mwite mkeo."

"Nimemwita, mama. Anasema kule kunamtosha."

"Kwenye karai lile?"

Garth akasimama. "Anasema kurudi kwake ni juu yako."

Bernadette alielewa radhi aliyotakiwa kuomba, na mbele ya nani. Alimtazama huyo mwanamume: ngozi imebabuka kwa jua, pua inachubuka, tabasamu la kuuzia magodoro limejiandaa kutoka. Maneno aliyoyapata yalikuwa mafupi.

"Mwambie nilikuona. Nilikuona tangu mwanzo, nikakuacha."

"Anajua, mama."

"Mwambie hata hivyo. Mwambie nimesema mimi."

Garth akafungua mdomo, pengine amshukuru. Bernadette hakumpa nafasi hiyo. Alikwishageuka, anarudi ndani, na Garth, kwa mara ya kwanza tangu aoe katika nyumba ile, akapata akili ya kunyamaza.