Mwandiko wa Jaji Sakariye

Jaji Sakariye Barre alistaafu alipotimiza miaka sabini, akaagwa kwa pilau ya mbuzi na hotuba ndefu, na siku ya tatu tu karani wa mahakama akampigia simu. Mpiga chapa alikuwa amekwama. Je, mheshimiwa angeweza kupita asome mstari mmoja?

Alipita. Wiki iliyofuata akaitwa kwa mistari minne. Kufikia mwezi wa tatu, madereva wa tuk-tuk wa mtaa wake wa Iftin walikuwa wakimpeleka kortini bila kumwuliza anakwenda wapi, naye alishachoka kabisa. Alikuwa ameamua kesi za watu kwa miaka thelathini na sita. Alianza akiwa hakimu kijana kule Ijara, ambako ng'ombe waliogombaniwa walifungwa nje ya dirisha na kuwazidi mashahidi kwa sauti. Kisha Wajir, Lodwar, Bungoma, na mwisho jaji nyumbani kwao Garissa. Kote huko aliandika kwa mkono wake kila neno lililosemwa mbele yake. Leo watu wazima wenye vyeti walikuwa wakimwambia mwandiko wake hausomeki.

Asubuhi moja alimwuliza Abshiro, yule mpiga chapa, shuleni walifundishwa kusoma nini hasa. Abshiro alimsogezea faili.

Ilikuwa kesi ya Arbia Koricha, mjane wa Kiborana aliyeolewa Garissa. Mumewe alipofariki, shemeji yake alichukua kiwanja chao, akidai mjane alihama kwa hiari. Jaji Sakariye ndiye aliyempa shemeji kiwanja hicho. Arbia alikata rufaa, na miaka tisa sasa rufaa ilikuwa imekaa ikisubiri maandishi yapigwe chapa.

Abshiro aliweka kidole kwenye ushahidi wa mjane. Baada ya eda, *niliham*, kisha kalamu ilitambaa kama sisimizi hadi ukingoni mwa karatasi.

"Ni nilihama, au nilihamishwa?" aliuliza.

"Nilihama," jaji alisema. "Andika tuendelee."

"Nikiandika, adeer, utatia sahihi kwamba ndivyo alivyosema?" Abshiro aliuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

Jaji alichukua faili, akaenda nayo dirishani. Aliifuta miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu. Hakuona kitu. Alikumbuka hukumu yake vizuri, maana aliijenga yote juu ya neno hilo: mjane mwenyewe amekiri alihama. Aliikumbuka siku yenyewe pia. Kulikuwa na kesi kumi na tisa, mkalimani wa Kiborana hakufika, na askari mmoja aliyekijua kidogo akasimamishwa badala yake. Alimkasirikia mkalimani, akamkasirikia askari, akaikasirikia hata kalamu. Walipokwisha, akabaki yeye tu.

Alirudi nyumbani bila kutia sahihi chochote, akalalamika tangu kunawa mikono hadi chai. Mkewe Nasteho alimsikiliza mpaka alipoishiwa.

"Miaka yote umekuja hapa ukinung'unika juu ya mashahidi wanaoapa wasichokijua," alisema. "Sasa wewe utaapa nini?"

Hakulala mchana huo. Kesho yake alikwenda kula kiapo kwa maandishi: kwamba mstari ule hausomeki, kwamba hawezi kusema shahidi alitamka nini, na kwamba hukumu yake ilitegemea mstari huo. Karani alijaribu kumzuia, akimkumbusha heshima ya jina lake. Jaji alimwambia heshima hiyo ingesaidia zaidi kama mwenye jina angeandika mwandiko unaosomeka.

Majaji wa rufaa waliifuta hukumu, wakaagiza kesi isikizwe upya mbele ya jaji mwingine. Sakariye alikwenda, akaketi nyuma pamoja na watu wengine. Safari hii mkalimani alikuwepo. Arbia alisema shemeji na wanawe walimtoa nyumbani na vyombo vyake wakavitupa barabarani, na kwamba hata mara ya kwanza alisema hivyohivyo. Baada ya miezi minne alishinda. Wakati huo shemeji alikuwa amekwisha jenga maduka sita kwenye kiwanja, na wapangaji nao wakawahi mahakamani na kesi yao.

Siku ya hukumu jaji mstaafu alimsubiri Arbia kwenye ngazi, akamwomba msamaha.

Arbia aligeuka kumkabili.

"Miaka tisa, mzee," alisema. "Siku ile ulikuwa unakimbilia wapi?"

Hakungoja jibu. Alifunga shuka yake vizuri, akashuka kwenda kutafuta tuk-tuk.

Jaji Sakariye alisimama pale mpaka jua likamsumbua. Kisha akapanda ofisini kwa Abshiro, akavuta kiti, akamwambia alete faili zake zote zilizobaki kupigwa chapa. Zilikuwa arobaini na moja. Aliifungua ya kwanza, akaikodolea macho, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, na hata jina la mlalamikaji hakuweza kulisoma.