Simiti ya Baba Eddah

Saa kumi kasorobo Naomi alikuwa akifuta mabenchi ya chumba cha mvuke katika jimu moja ya Kizingo, la juu kwanza, kisha la kati, kisha la chini, kwa sababu jasho hushuka. Mvua za mwaka zilikuwa zimeingia na wateja wengi walikuwa na mafua. Walikaa humo dakika kumi na tano, wakatoka, wakanywa maji, wakajitia kwenye birika la kuogea la maji moto, wakasema pua zimefunguka. Naomi alikuwa ameyasikia masharti hata akayakariri: mwenye homa asiingie, mwenye kizunguzungu atoke, na mvuke hauondoi mafua, humpa mtu nafasi ya kupumua tu mpaka mafua yaondoke yenyewe. Walichoacha wateja kwenye mabenchi kilikuwa jasho, na jasho lilifutika.

Mumewe Kyalo naye alikuwa na mafua. Alikuwa nayo tangu Novemba. Ndivyo alivyoandika Sista Terry, muuguzi wa kampuni aliyoifanyia Kyalo kazi ya ukuli huko Shimanzi, akibeba mifuko ya simiti kutoka ghalani hadi kwenye malori. Kila Kyalo alipompelekea kifua chake, Sista Terry alikisikiliza, akaandika mafua, akampa vidonge vyeupe. Mtu wa mafua hapewi ruhusa ya kukaa nyumbani. Miezi saba Kyalo alilala ameketi, mgongo ukutani, maana akijinyoosha pumzi zilikatika.

Jioni ile Naomi alipita Marikiti akanunua majani ya mkaratusi na ya mwarobaini. Nyumbani, katika chumba walichopanga ghorofani kwa Bwana Gharib, Mji wa Kale, akayachemsha kwenye sufuria, akamketisha Kyalo kwenye kigoda na kumfunika blanketi gubigubi.

"Mama Eddah, utanipika," Kyalo alisema kutoka ndani.

"Nyamaza uive."

Dakika kumi na tano zilipotimia akamfunua. Blanketi lilikuwa limerowa chapachapa. Magotini pa Kyalo, na sakafuni kuzunguka miguu yake, palikuwa na unga wa kijivu, mkavu. Kyalo akauchota kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, akaunusa.

"Simiti," alisema. "Tena nzuri. Hii ni ile ya Machi, iliyokuja kwenye mifuko ya buluu."

Naomi akaifagia, akaitia katika kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ilifika robo. Usiku huo Kyalo alilala chali hadi adhana ya alfajiri.

Tangu hapo alimfukiza kila jioni, na kila jioni alipata robo kopo. Haikupungua, kwa kuwa asubuhi Kyalo alirudi kazini kuvuta nyingine. Naomi aliona kwamba akimpata siku saba mfululizo nyumbani, angemtoa yote, mpaka ile ya miaka ya nyuma. Siku saba tu. Kyalo akaenda kuziomba. Sista Terry akaandika mafua.

Kopo lilipojaa Naomi hakuweza kuimwaga. Ilikuwa imetoka kwa mtu. Chumbani mwao mlikuwa na ufa ulioshuka kutoka darini hadi usawa wa kitanda, na upepo wa mvua ukipita humo. Eddah, binti yao, alikuwa amepelekwa kwa bibi yake Rabai mpaka uzibwe. Naomi akachanganya simiti na mchanga na maji, akaanza kuuziba kwa kijiko, kuanzia juu. Palipozibwa palikauka vizuri. Palikuwa na joto, kama shavu la mtu, na usiku mara mojamoja palikohoa. Naomi alijifunza kutofautisha kikohozi cha ukuta na cha mumewe.

Bwana Gharib alipanda siku moja kutazama dari inavyovuja.

"Hodi! Masalkheri, mwanangu."

"Masalkheri, baba. Karibu."

"Ukuta huu umezibwa na nani?"

"Ni mimi. Simiti imetoka kifuani kwa baba Eddah."

Bwana Gharib akaweka kiganja ukutani. Ukuta ukakohoa.

"Pole, bwana," akauambia. Kisha akamgeukia Naomi. "Lakini nyumba hizi za mawe hazipendi simiti, zataka chokaa. Hana chokaa kidogo, huyu mumeo?"

"Hajapata kubeba chokaa, baba."

"Basi haidhuru."

Akashuka, akalisimulia jambo hilo barazani kwenye kahawa pamoja na habari nyingine za siku. Wiki haikuisha kabla halijafika Shimanzi. Ogutu, msimamizi wa ghala, akamwita Kyalo ofisini, aje na mkewe na kopo.

Walimkuta na Sista Terry. Mizani ilikuwa juu ya meza.

"Kyalo, ndugu yangu," Ogutu alisema, "simiti hii ni yetu au si yetu?"

"Ni yenu."

"Imepitaje langoni?"

"Nilipita nayo nikipumua."

Ogutu akawaeleza kwa upole. Ikiwa simiti ilitoka mifukoni, huo ni wizi, na Kyalo angepelekwa kituoni jioni hiyo hiyo. Ikiwa ilitoka kifuani, basi waione.

Naomi alikuwa amekuja na jiko, sufuria na blanketi. Hakuja na hofu tupu. Aliona kwamba wakishaishuhudia kwa macho yao, Sista Terry atalazimika kulifuta lile neno, na siku saba zitapatikana.

Maji yalichemka. Kyalo akaketi, akafunikwa. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Naomi akainua pindo la blanketi: magoti yalikuwa safi. Ogutu akatazama saa yake. Askari wa lango alikuwa ameshaitwa, akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

Naomi akaingiza kichwa chini ya blanketi. Ndani kulikuwa giza na moto. Kyalo alikuwa amekishika kifua kwa mikono miwili na kuzuia pumzi.

"Baba Eddah, pumua."

Akatikisa kichwa. "Nikiitoa hapa wataichukua," alinong'ona. "Na ukuta?"

"Waichukue. Wewe pumua."

Akapumua.

Walipomfunua, simiti ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Haikuwahi kutoka nyingi kiasi hicho. Sista Terry alivuta viatu vyake nyuma visichafuke. Ogutu akaipima mwenyewe, akausoma mshale mara mbili, kisha akatoa simu yake na kuzidisha.

"Tuna makuli sitini na wawili," alimwambia Sista Terry.

Akasimama, akampa Kyalo mkono. Hakuwa mwizi. Kampuni ilisikitika kwa usumbufu.

"Na siku saba?" Naomi aliuliza.

"Za nini, mama?"

"Za kumtoa iliyobaki. Si mmeiona wenyewe?"

Ogutu akamtazama Sista Terry. Sista Terry akafungua faili, akalilaza vizuri, akaandika. "Mafua yake yanaendelea vyema," alisema.

Mwezi ulipokwisha, kando ya lango palikuwa pamejengwa chumba cha mvuke cha mbao, kizuri kuliko kile cha Kizingo. Mlangoni palibandikwa tangazo: *Huduma ya bure kwa wenye mafua. Ni lazima kwa wote.* Alihitajika mtu mzoefu, na Ogutu akamtumia Naomi salamu. Naomi alifikiri siku mbili. Mtu mwingine angemtoa Kyalo dakika ya kumi ili zamu imalizike upesi. Yeye angemhesabia zote kumi na tano. Akaacha kazi ya Kizingo.

Sasa kila saa kumi na moja jioni makuli huingia kumi kumi, taulo viunoni.

"Wee Chirau, kijiko tu hicho? Leo ulilala wapi?"

"Nyamaza, wewe mwenyewe unatoa kama nzi."

Wakitoka, Naomi hufagia, benchi la juu kwanza, kisha la kati, kisha la chini. Ya Kyalo huijua kwa joto lake, lakini huitia mfuko mmoja na ya wenzake. Huishona midomo ya mifuko na kuipanga ghalani, na asubuhi Kyalo huibeba begani hadi kwenye lori, na vumbi huinuka kama kawaida yake.

Langoni askari humpiga Kyalo brashi mabegani na kwenye viatu. Naomi humfungulia mapindo ya leso yake mwenyewe, na askari huyaona matupu. Kukohoa langoni kumepigwa marufuku, kwa hivyo Kyalo hupita amebana midomo, machozi yakimtoka.

"Mafua hayajaisha tu, bwana Kyalo?"

Kyalo hutikisa kichwa.

Jioni moja walitembea hivyo, wakipita malori yaliyopanga foleni, hadi ukuta wa kampuni ulipokoma. Hapo Naomi akakinga pindo la leso kwa viganja viwili. Kyalo akainama, akakohoa humo. Ilitoka kidogo, haikujaza hata kijiko. Ufa ulikuwa umebaki shubiri moja, pale kwenye usawa wa kitanda, na kwa kipimo kile Eddah angerudi Mombasa akiwa msichana mkubwa.

"Leo kidogo," Kyalo alisema, kama anayeomba radhi.

"Yatosha," Naomi alisema, akafunga fundo.