Maziko ya Bwana Mackie

Murdo Kinnaird alikuja mwenyewe kuniomba nimuue, na alikuja na keki.

Ilikuwa ofisini kwetu Ruiru, katika ile nyumba kuukuu ya walowezi tunayokodi kupigia picha za kipindi. Alinikatia kipande kikubwa, kisha akaniambia kwamba huko Glasgow kuna watu wanaomtaka tena. Wakala wake alikuwa ameomba aone kazi mpya, kitu chenye uzito. Kwa hivyo Murdo alitaka Bwana Mackie, mwenye shamba la kahawa anayemwigiza kwetu, afe. Tena afe vizuri: jeneza wazi, kamera usoni, waombolezaji wakipita mmoja mmoja kumtazama, akina mama wa Guild ya kanisa wakiimba. Hicho ndicho kipande ambacho angetuma kwao.

"Benta, wewe ndiye mwandishi mkuu sasa," akasema. "Unaweza kunipa kifo cha maana?"

Nikamwambia ninaweza. Nilikuwa nimekingoja kifo hicho kwa miaka mitatu, na keki yake niliila yote.

Maisha ya mtu huyu nayajua kuliko ya wajomba zangu, kwa sababu aliyasimulia mezani kwangu Makongeni, akila omena wetu, wale dagaa wa ziwani. Alizaliwa mji wa bandari huko Scotland, baba yake akipaka meli rangi. Akaingia televisheni akiwa kijana, na kwa muda mrefu aliigiza sajini wa polisi kwenye kisiwa cha mvua na kondoo. Watu walikuwa wakimsimamisha barabarani wamshtakie majirani zao. Halafu jioni moja aliketi na mama yake kutazama kipindi, akamsikia afisa mwingine akisema, huku akivua koti, kwamba sajini amefia usingizini. Basi. Hakuna aliyemwonya. Hakuna maziko, hata picha yake ukutani haikuwekwa. Alipotusimulia hayo alilia, na mume wangu Odhiambo akamshika bega.

Odhiambo ndiye aliyemfanya Murdo awe mtu hapa Kenya. Mzungu huyo alikuja kwa tangazo la majani chai, akabaki, akapewa nafasi ya Mackie akijua "jambo" na "asante" tu. Odhiambo alikuwa Sospeter, dereva wa Mackie. Kila jioni alimfundisha mwenzake mistari, neno kwa neno, mpaka Murdo akawa anaongea Kiswahili cha Kisumu, na watazamaji wakampendea hicho hicho. Hatukumdai kitu. Alikuwa mgeni wetu.

Kosa la Odhiambo lilikuwa kupendwa zaidi. Siku moja walishuka wote wawili pale kituo cha Kimbo kununua maji. Umati ukamzunguka Sospeter ukitaka picha, Murdo akabaki kando ameshikilia chupa zote mbili. Wiki ileile alimwendea Warigia, mwenye kipindi, akamwambia achague: yeye au dereva. Warigia akafikiria matangazo yake, akamchagua mzungu. Haya Warigia alinieleza mwenyewe baadaye, akishindwa kuniangalia machoni.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni hili. Jioni hiyohiyo Murdo alikuja kwetu kama kawaida, akala, akatoa karatasi, akamwomba Odhiambo amsaidie na mstari mgumu: "Gari lilibingirika Mai Mahiu. Hakutoka mtu." Jina la Sospeter halikuwepo hapo. Neno kubingirika lilimshinda, na Odhiambo akalirudia naye polepole, akimpigia mdundo kwa kijiko mezani, mpaka likamkaa mdomoni. Akampongeza, hata.

Tuliyaona yenyewe kwenye televisheni, majirani wamejaa sebuleni. Mackie anakunywa chai, mtu anauliza Sospeter yuko wapi, naye anausema mstari ule bila kujikwaa, kisha anarudi kwa gazeti lake. Odhiambo alitazama mpaka matangazo yakaingia. Akainuka, akaenda kulala na viatu. Tangu hapo anaendesha lori la maji, na ile tabia yake ya kusema mistari akinyoa ndevu ikaisha. Nyumba yangu ikawa kimya. Nami wakati huo niliandika vipande vya jikoni tu, nani angenisikiliza? Nikabaki kazini. Nikapanda cheo, nikimwandikia Murdo maneno matamu na kumchekea, na sikumsamehe hata siku moja.

Kumbe Murdo mwenyewe ndiye aliyemwachia Odhiambo mlango. Katika kazi yetu, mtu ambaye maiti yake haikuonekana hajafa. Lakini aliyeonyeshwa jenezani, uso wazi, pamba puani, huyo amekwenda, na hakuna mwandishi atakayemfufua.

Nilimwambia Odhiambo wakati wa chakula. Alifinyanga tonge la ugali muda mrefu bila kulila.

"Na line yangu ni gani?" akauliza.

Nikamwambia. Muda si muda nikamsikia bafuni akiongea peke yake.

Maandishi halisi niliwapa Warigia na Muigai wa kamera peke yao. Warigia alisoma mpaka mwisho, akazikunja karatasi. "Ile koti ya Sospeter bado inamtosha?" akauliza.

Kaburi tulichimba shambani kwa Mzee Njau, nje kidogo ya Kiganjo. Mzee alikubali kwa shingo upande. "Kaburi ikichimbwa kwangu hailali wazi," alisema. "Ikilala wazi itaita mtu wa hapa. Mkimaliza tu tunazika mgomba badala ya mtu, tunafunika. Hakuna ati mtarudia kesho." Murdo aliposikia hivyo alifurahi sana, akasema kila kitu kitakuwa na ukweli.

Pamba nilimtia puani kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ukipepesa jicho tumeharibu," nikamwambia. "Na umemsikia mzee, ni mara moja tu. Hata ukisikia nini, wewe ni maiti."

"Mimi ni professional, Benta," akasema kwa sauti ya mafua.

Na kweli alikufa vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akina mama wa Guild waliimba, watu tuliowaleta kutoka Makongeni wakapita mmoja mmoja, na Murdo akalala pale ametulia kama mtu aliyekufa juzi. Ndipo Odhiambo akatokea kwenye migomba, amevaa lile koti.

Wimbo ulikatika. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Mama mmoja aliketi chini palepale na kitambaa chake mdomoni, na watu wa Makongeni wakaanza kurudi nyuma, ingawa Odhiambo wanamwona kila siku. Muigai akageuza kamera, akamfuata aliye hai. Odhiambo akatembea bila haraka mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono ukingoni.

"Bwana Mackie," akasema. "Gari lilibingirika Mai Mahiu." Akangoja. "Lakini nilitoka."

Hapo watu wakapasuka. Walimbeba Sospeter juu, wakilia na kucheka, na kamera ikaenda nao. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki kumtazama Mackie. Hakufumbua macho, alikuwa professional. Lakini masikio ya maiti yalikuwa mekundu kama pilipili. Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu.

Murdo aliketi, akang'oa pamba. Alitaka turudie, peke yake safari hii, bila Sospeter. Lakini mgomba ulikuwa tayari shimoni na vijana wa Mzee Njau walikuwa wakitupa udongo.

"Wewe umeshazikwa," Mzee Njau akamwambia, ameegemea jembe. "Enda unawe."

Kipande Murdo alikituma Glasgow hivyohivyo, migongo ya watu tu na ncha ya pua yake. Wakala alijibu kwa swali moja tu: yule mrefu mwenye koti anaitwa nani?

Hakuondoka. Bado amepanga chumba Kiganjo, na watoto wa pale wanamsalimia, "Sasa, Marehemu." Wiki jana alinikuta kwenye kioski nikinunua mkate. Alikuwa amekonda. Aliniuliza kwa Kiswahili kile cha mume wangu kama haiwezekani Mackie awe na pacha, ndugu anayekuja kutoka Scotland kudai shamba.

Nilimwambia nitaliangalia hilo. Nikarudi nyumbani, Odhiambo akiwa bafuni ananyoa ndevu na kusema mistari yake, nikakaa mezani nikaandika kipande kipya. Mama yake Mackie anawasili kutoka Scotland, anapiga magoti kaburini, na kulia mbele ya kamera kwamba maishani mwake Mungu alimjalia mtoto mmoja tu.