Sahihi ya Mtaroni

Sufuria ilikuwa imeshang'aa zamani, lakini Gatesi aliendelea kuisugua. Alikuwa amefagia ua, akaufagia tena, kisha akapanga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Bibi Mukarugwiza, mjane aliyempangisha chumba cha uani, alisimama mlangoni mikono kiunoni, akimwangalia.

"Nyumba hii ikimetameta hivi, najua kuna mahali hutaki kwenda," akasema. "Weka chini hiyo sufuria kabla hujaitoboa."

"Naenda, Bibi. Namalizia tu."

"Kumalizia! Tangu uhamie hapa unamalizia."

Gatesi akacheka, ila sufuria hakuiweka chini. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Tasnifu yake ilitakiwa ifike kwa karani wa chuo kabla ya saa kumi alasiri, ikiwa na sahihi ya msimamizi wake. La sivyo, angerudia mwaka mzima, na kwao hakuna ambaye angeweza kulipia mwaka mwingine wa chuo. Mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anavaa joho mwaka huu.

Wapo wanaosema kuahirisha ni uvivu. Hao hawajamwona Gatesi na jembe mkononi, wala na ndoo ya maji kichwani akipanda kilima cha Gasenyi. Alichokuwa nacho ni woga. Alipopeleka sura ya kwanza kwa Dokta Gasarasi, huyo msimamizi wake, Dokta alipekua kurasa mbili mbele ya wanafunzi wengine, akauliza, "Hii umeandika wewe, au mbuzi amepita juu yake?" Wenzake wakaangua kicheko. Tangu hapo kila aliposhika kalamu alikisikia kile kicheko, akaona afadhali afue kwanza, apike kwanza, kesho ataandika. Na kesho, jamani, haifikiwi. Ukiifuata inasogea.

Aliyemnasua ni Bibi. Hakumhubiria. Alimwambia tu alete karatasi zake jikoni kila asubuhi, aandike wakati uji wa mtama uko motoni, na uji ukichemka aache.

"Na nikiandika vibaya?"

"Ubaya wako mwenyewe, nani atakunyang'anya? Kesho tutapika tena."

Basi uji baada ya uji, sura ya mwisho ikakamilika. Ilihusu maharage yanayotambaa mitini, na wanawake wa kilimani wanavyohangaika kutafuta fito za kuyaegemezea.

Ilibaki sahihi tu. Dokta alimjibu kwa simu, kwa haraka, "Njoo ofisini Jumamosi asubuhi," akakata. Gatesi akaifunga tasnifu kwa nailoni, na kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito akaibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Akatoka.

Barabarani hakukuwa na pikipiki hata moja. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kwenye kona, Mudugudu, ndivyo wote wanavyomwita kiongozi wa mtaa, akamzuia kwa mpini wa jembe.

"Wewe binti, na kichanga mgongoni, unakwenda wapi?"

"Chuoni, Mudugudu. Si kichanga, ni tasnifu."

"Hata angekuwa askofu. Leo ni umuganda."

Gatesi akajishika kichwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Nchi nzima iko nje na majembe, inafanya kazi ya pamoja, na hakuna ofisi inayofunguliwa mpaka mchana. Ameisahauje? Kisha likamjia la pili, likamuuma zaidi. Dokta naye ni wa nchi hii. Amempa miadi asubuhi ya umuganda! Ama alisahau kama yeye, ama alitaka tu aondoke kwenye simu. Machozi yakamtoka.

"Usilie, shika hili," ikasema sauti nyuma yake. Bibi alikuwa amemfuata na majembe mawili begani. "Asiyepatikana ofisini leo atapatikana mtaroni. Si anakaa pale juu, kwenye geti jekundu?"

"Yeye humtuma mfanyakazi wake, Bibi."

"Leo Katibu wa kata anatutembelea. Thubutu atume mtu!"

Kweli, Dokta Gasarasi alikuwepo, amevaa gambuti mpya, ameshika koleo kama kijiko cha supu. Watu walikuwa wanachimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Gatesi akajipenyeza karibu naye, akalima. Nitasema nikifika kwenye lile jiwe, akajiambia. Akafika kwenye jiwe. Nitasema nikifika kwenye mparachichi. Loo, ugonjwa wake uleule! Jasho likamtiririka mpaka alipoufikia mparachichi.

"Dokta, samahani. Naomba sahihi yako. Leo ndiyo mwisho."

"Aa, Gatesi. Hapa si mahali pake. Njoo ofisini Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wameshalikata jina langu."

"Basi ungeanza mapema. Nyinyi watoto mnapenda sana dakika ya mwisho." Akasogea mbele na koleo lake.

Kazi ilipokwisha wote wakaketi nyasini kwa mkutano, kama ilivyo desturi. Wakasemwa wasiolipia bima ya afya, akasemwa mwenye mbwa asiyefungwa. Katibu wa kata akawapongeza kwa mtaro. Dokta, aliyeketi kando yake, alikuwa akitazama saa.

"Kuna mwenye la mwisho?" Mudugudu akauliza.

Gatesi akainamisha kichwa. Akisema, aibu iliyoje! Kisha akamkumbuka mama yake kule kanisani, na kabla woga haujamkamata tena, akasimama.

"Nina jambo na mkazi mwenzetu, Dokta Gasarasi. Sura ya mwisho ya kazi yangu niliichelewesha mimi, kwa woga. Nakiri mbele yenu. Lakini zilizotangulia ziko mezani kwake tangu tupande maharage ya msimu uliopita. Kila nikienda, naambiwa kesho. Leo nisipopata sahihi yake, mwaka wangu umekwenda."

"Mambo ya chuo hayajadiliwi nyasini," akasema Dokta. Katibu akaitikia kwa kichwa. Wakubwa wanajuana.

Mudugudu akaanza kufunga mkutano. Bibi Mukarugwiza akamkatiza.

"Mbuzi wangu alipokula maharage ya jirani, mlinisimamisha hapahapa nikaomba radhi. Leo mtu mzima anakula mwaka wa mtoto, ndiyo mnaniambia nyasi hazifai?"

Watu wakaguna. "Kasema kweli Bibi!" akadakia mtu huko nyuma.

"Siwezi kusaini na sura ya mwisho sijaisoma," Dokta akasema, sauti imepanda.

"Basi soma, baba. Na usome kwa sauti, tusikie tulivyosemwa. Hatuna haraka."

Hakuna aliyeinuka. Gatesi akafungua kitenge, akampa tasnifu, imefunuliwa kwenye sura ya mwisho. Dokta akaanza kusoma mbio mbio, kama mtu anayemeza dawa chungu. Lakini alipofika kwa yule mwanamke aliyeng'oa fito za kitanda chake ayaegemeze maharage, halafu akalala chini na wanawe msimu mzima, kasi ikapungua. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili. Alifunika uso kwa khanga, na jirani yake akamshika mkono. Dokta akasoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akaisoma tena safari hii kimya kimya.

"Hii uliiandika lini?"

"Asubuhi, uji ukiwa motoni."

Watu wakacheka, na Gatesi akashangaa kwamba kicheko hiki hakikumuumiza hata kidogo.

"Ni nzuri," Dokta akasema chini chini.

Kumbe neno hilo ndilo Gatesi alilokuwa analingoja muda wote. Akalia palepale, wala hakujificha. Dokta akaweka tasnifu gotini, akasaini.

"Lakini ungeniletea mapema, Gatesi."

"Nilileta, Dokta. Wewe ndiye uliyekuwa kesho."

Dokta akamrudishia tasnifu, akatia kalamu mfukoni. Bibi akampiga Gatesi kofi dogo la mgongo. "Nenda! Unangoja nini tena? Mbio!"

Gatesi akashika njia. Nyuma yake akamsikia Mudugudu akiuliza, kwa mazoea tu, "Haya, kuna mwingine?"

"Mimi," akajibu fundi mwashi. "Hati yangu ya kiwanja iko kwa Katibu tangu mwanangu hajazaliwa. Sasa anatembea."

"Na mimi," ikasema sauti ya kike. "Jina langu la msaada wa mbegu halijaandikwa mpaka leo."

"Hayo njooni nayo ofisini," Katibu akasema. "Tutayaangalia wiki ijayo."

"Yaangalie hapahapa, mkubwa. Hatuna haraka."

Kule chini pikipiki zilikuwa zimeanza kunguruma, na Gatesi alikuwa anakimbia. Kabla ya kukata kona akageuka mara moja kutazama. Watu wote walikuwa wangali wameketi, mikono imeinuliwa huku na huku. Aliyesimama alikuwa Katibu peke yake.